Kikao cha Kutafuta Figo

Figo zangu ziliacha kazi polepole. Nilikuwa nimestaafu ualimu, nikiwa mzee wa kanisa hapa Kitale, nikilima ekari mbili za mahindi na kulalamika juu ya miguu iliyovimba. Nilidhani ni viatu. Mke wangu ndiye aliyesema si viatu. Hospitalini wakapima damu, wakapima tena, kisha daktari akavuta kiti chake karibu na changu. Nilipoona anavuta kiti nikajua hili si jambo la vidonge vya wiki moja. Presha ya miaka mingi, ambayo nilikuwa nikiimezea dawa siku nilizokumbuka tu, ilikuwa imeziharibu figo zote mbili.

Tangu wakati huo nasafishwa damu kila Jumanne na Ijumaa. Unaketi kwenye kiti cha kuegemea kwa saa nne, sindano mbili mkononi, damu ikitoka kwa mpira mmoja kwenda kwenye mashine na kurudi kwa mpira mwingine. Haiumi sana, ila inachosha. Ukitoka pale uko kama mtu aliyepalilia shamba zima peke yake. Kesho yake unaanza kupata nguvu, na keshokutwa maji yanaanza tena kujaa mwilini. Maji ya kunywa napimiwa. Ndizi nimekatazwa, parachichi nimekatazwa, na mboga mke wangu huzichemsha na kumwaga maji yake kabla ya kunipikia. Naandika haya bila kunung'unika. Siku za baba yangu mtu wa ugonjwa huu alizikwa, kisha watu wakaanza kutafuta nani alimroga. Mimi nimeongezewa miaka, na kila asubuhi namshukuru Mungu kabla sijashusha miguu kitandani.

Mwaka wa pili daktari aliniuliza kama nimewahi kufikiria kupandikizwa figo.

"Moyo wako bado una nguvu," alisema. "Una ndugu?"

"Ninao wengi."

"Basi zungumza nao, taratibu, mmoja mmoja. Halafu mje kwenye somo la muuguzi, Alhamisi ya mwisho wa mwezi."

Mimi na mke wangu hatukujaliwa mtoto, na yeye mwenyewe ana kisukari, kwa hiyo nyumbani kwangu hapakuwa na wa kumwomba. Ilibidi niende kwa watu wetu Bungoma. Nilikwenda, ila si taratibu wala si mmoja mmoja.

Lazima nieleze tabia yangu, maana kosa lilitoka humo. Kanisani, jambo likihitaji watu, mimi ndiye huitwa mbele. Paa la kanisa letu tuliliezeka hivyo. Nilisimama, nikaomba, nikasoma Neno, kisha nikaanza kuita: baraza la wazee, simameni, kwaya, simameni, nani anasimama na bati moja? Mtu wa kwanza akisimama watu hupiga makofi, na makofi hayo humwinua wa pili. Aliyeinamisha kichwa nilimwita kwa jina, kwa upole, huku nikitabasamu. Ni nadra sana mtu kubaki ameketi. Watu walisema nina karama, nami niliamini.

Basi nilipohitaji figo, niliitisha kikao.

Tulikutana Kanduyi, kwa kaka yangu mkubwa, ambaye ndiye anayekaa kwenye boma la marehemu baba yetu. Walikuja wanawe watatu, binamu kadhaa, na mpwa wangu, kijana wa miaka ishirini na sita anayepakia magunia ya mahindi mjini Bungoma. Mama yake ni dada yangu, kitinda mimba wetu, aliyeolewa upande wa Bokoli. Alikuja pia, lakini alifululiza jikoni pamoja na wanawake wengine, kwa sababu kikao bila chakula si kikao.

Nilifungua kwa sala. Nikaeleza ugonjwa wangu, nikaeleza mashine, nikasema madaktari wanatafuta mtu wa damu yangu. Kisha, kama kawaida yangu, nikauliza nani atasimama.

Hakusimama mtu. Wana wa kaka walitazama viatu vyao.

"Damu yetu iko hapa," kaka alisema. "Sitaki kusikia mtu ati ako na kazi, ati ako na bibi mgonjwa."

"Baba, mimi figo zangu zishakunywa chang'aa," mwanawe wa pili alijibu. "Mwalimu hawezi taka hiyo."

"Wewe nyamaza. Mtu akiwekewa yako atalewa bila kunywa."

Watu walicheka, na kicheko kilipoisha bado hakuna aliyesimama. Hapo kaka alimgeukia mpwa wangu.

"Na wewe? Si wewe ndiye huyu alivalisha luliki?"

Kwetu sisi Wabukusu, kijana akikaribia kutahiriwa huenda kwa mjomba wake, ndugu wa mama, ambaye humwita khocha. Khocha humchinjia ng'ombe na kumvalisha shingoni kipande kirefu cha nyama ya kidari, luliki, arudi nacho kwao akiimba. Mimi ndiye niliyemvalisha huyu. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, damu ikimchuruzika kifuani, na hakupepesa macho. Ni heshima ambayo khocha humpa mpwa wake, nami sikuwahi kufikiri kwamba siku moja ingetumiwa kama kamba ya kumfunga.

Alisimama. "Niko tayari, khocha," alisema.

Makofi yalilia. Wanawake walitoka jikoni kwa vigelegele kabla hawajajua wanashangilia nini. Dada yangu alikuwa na mwiko mkononi, na nilimwona akimwinamia jirani yake kuuliza. Nilimwita kijana mbele, nikamwekea mikono kichwani na kumshukuru Mungu kwa sauti. Kichwa chake kilikuwa na jasho. Nilidhani ni joto la mchana.

Alhamisi ya mwisho wa mwezi alikuja Kitale, tukaenda pamoja kwenye somo. Tulikuwa familia nne kwenye chumba kidogo nyuma ya kliniki. Muuguzi alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza, na mezani alikuwa na figo ya plastiki inayofunguka katikati. Aliipitisha mkono kwa mkono ili kila mtu aishike. Alianza kwa kusema jambo ambalo hakuna aliyelitarajia.

"Kupandikizwa si kupona. Ni kubadilisha matibabu. Ukitaka kupona kabisa, mimi sina hiyo dawa."

Alichora mwili wa mtu ubaoni, akaonyesha kwamba figo mpya huwekwa chini ya tumbo, upande mmoja, karibu na nyonga. Mama mmoja kutoka Cheptais, aliyemleta mumewe, aliinua mkono.

"Sista, sasa ile ya zamani wanatupa wapi?"

"Hawaitoi, mama. Inabaki pale pale."

"Kwa hivyo mzee atakuwa na tatu?"

"Tatu. Lakini moja ndiyo itafanya kazi."

"Kama ofisi za serikali," mumewe akasema, na chumba kizima kikacheka, hata muuguzi.

Kisha akatueleza habari ya dawa. Mwili hauijui figo ya mtu mwingine, alisema. Huiona kama mgeni aliyeingia bila kubisha, na hutaka kupigana nayo. Dawa ndizo huutuliza mwili, na humezwa kila siku, saa ile ile, maisha yote ya figo hiyo. Ukiziacha kwa sababu umejisikia vizuri, figo inakufa. Nilijifahamu katika maneno hayo, mimi na vidonge vyangu vya presha. Akasema pia kwamba dawa hizo hupunguza nguvu ya mwili kupambana na maambukizi, hivyo mtu hujihadhari na wagonjwa na chakula kilicholala, na safari za kliniki haziishi. Wako wanaokaa na figo mpya miaka mingi, wako ambao figo yao hukataliwa na mwili mapema. Hakutuficha kitu. Niliandika yote kwenye daftari.

Kuhusu mtoaji alisema huchunguzwa kuliko hata mgonjwa. Kundi la damu, presha, sukari, moyo, figo zenyewe. Mtu mwenye afya anaweza kuishi vizuri na figo moja, lakini ni lazima awe na afya kweli, na baadaye apimwe kila mwaka. Na figo haiuzwi. Ni kosa la jinai.

Mpwa wangu aliuliza swali moja tu.

"Na mtu wa kubeba magunia?"

"Ya kilo ngapi?"

"Tisini."

"Wiki za kwanza hutabeba kitu kizito kabisa. Baadaye daktari atakuangalia akuambie. Wengine hurudi kazini, wengine hutafuta kazi nyingine kwa muda. Uko na mtu anakutegemea?"

"Niko na msichana. Tunaenda kwao Desemba kujitambulisha."

Hiyo habari ya msichana nilikuwa siijui. Nilikuwa sijamwuliza.

Mwishoni muuguzi alifuta ubao na kuketi juu ya meza. "Sikizeni hii kuliko zile zingine," alisema. "Mtoaji ataingia kwa daktari peke yake. Mama hataingia, mzee hataingia, pasta hataingia. Ataulizwa kama anataka. Akisema hapana, tunaacha hapo, na nyinyi tutawaambia tu kwamba hafai. Hafai inaweza kuwa presha. Inaweza kuwa damu haikubaliani. Inaweza kuwa amekataa. Hatutawaambia ni gani, na nyinyi msiulize."

Niliinua mkono. Kusema kweli nilitaka kusifiwa. "Na kama mtu amesimama mwenyewe mbele ya ukoo mzima, akaombewa?"

"Huyo ndiye tunauliza mara mbili, mzee."

Watu walicheka tena. Mimi pia nilicheka, lakini nilihisi masikio yakiniwaka. Mpwa wangu hakucheka. Alikuwa ameishika ile figo ya plastiki, akiifungua na kuifunga.

Wiki mbili baadaye alikuja kupimwa. Daktari wa figo huja Kitale siku moja kwa mwezi, na siku hiyo kijana aliingia kwake peke yake, mlango ukafungwa, nami nikabaki kwenye benchi. Alipotoka alisema ana haraka ya kurudi Bungoma kabla ya mvua. Jumatatu iliyofuata muuguzi alinipigia simu.

"Mzee, mpwa wako hatutaendelea naye. Hafai."

Nilifungua mdomo kuuliza, nikaufunga. Nikasema asante.

Nisijifanye mtakatifu. Siku mbili nilikuwa na hasira. Nilipiga magoti na sala haikuja. Kilichokuja ni hesabu ya mema yote niliyomfanyia kijana yule tangu utoto wake. Siku ya tatu mke wangu, aliyekuwa akinitazama tu, aliweka chini bakuli la mboga na kusema, "Wewe ulimwita kama unaita mabati." Tangu hapo nikaanza kusali vizuri zaidi, maana nilijua sasa ninaomba msamaha wa nini.

Kumbe Kanduyi moto ulikuwa umewaka. Kaka alipiga simu.

"Hafai namna gani? Kijana anarusha gunia kama mto wa kulalia, halafu hafai?"

"Wamesema hafai, kaka. Ndiyo hivyo."

"Huku watu wanasema ako na ule ugonjwa. Hata kwa kina msichana wamesikia, wameanza kuuliza. Nimeitisha kikao Jumamosi. Atasimama atuambie mwenyewe."

Nilielewa mara moja kilichokuwa mbele ya kijana. Akinyamaza, ataitwa mgonjwa, na huenda akakosa mchumba. Akisema alikataa, ataitwa aliyemnyima khocha wake uhai, na jina hilo halimtoki mtu hadi kaburini. Na ni mimi niliyekijenga chumba hicho kisicho na mlango. Ijumaa nilisafishwa damu kama kawaida, na Jumamosi asubuhi, mwili ukiwa bado mlegevu, nikaenda Kanduyi.

Walikuwa wameketi vile vile, kwenye viti vile vile. Kaka alinipa nafasi ya kufungua kwa sala. Niliomba kwa kifupi. Kabla sijaketi, kaka alimwashiria mpwa wangu, naye akasimama, mikono nyuma.

"Khocha," alianza, akinitazama mimi, "siku ile kwa daktari, mimi—"

"Keti," nikasema.

"Mwache aseme," kaka alisema.

"Hapana. Keti, mwanangu. Hujaulizwa na mtu mwenye haki ya kukuuliza."

Akaketi. Nikabaki nimesimama mimi, nikishikilia mgongo wa kiti. Niliwaambia kwamba kosa ni langu. Daktari aliniagiza nizungumze na watu mmoja mmoja, mimi nikafanya mchango wa kanisa. Mtu hawezi kukataa mbele ya makofi, nikasema, na kitu ambacho mtu hawezi kukikataa hawezi pia kukitoa. Niliwaambia hospitali ina sababu nyingi za kusema mtu hafai, na nyingi si ugonjwa wa kutisha wala aibu, na kwamba mimi mwenyewe sijui sababu ni ipi.

"Lakini ukoo unataka kujua," kaka alisema.

"Ukoo hautajua. Hata mimi sitaki kujua. Na kwa kina msichana nitakwenda mwenyewe, niwaambie mpwa wangu hana doa kwangu."

"Sasa utakufa na heshima zako?"

"Jumanne nitakwenda kusafishwa damu. Nikifa, nitakufa siku niliyopangiwa."

Kaka alitazama pembeni. Ni mtu mkali, lakini nilimwona akijipangusa macho kwa kofia, nami nikaelewa kwamba makelele yote yale yalikuwa ni hofu ya kunizika. Mimi ndiye mdogo wake niliyebaki wa kiume. Nilimwomba afunge kikao, akafunga.

Nilikwenda kunawa mikono kwenye bomba nyuma ya jikoni. Dada yangu alinifuata na taulo.

"Asante kwa huyo mtoto," alisema. Kisha, bila kupumzika: "Mwalimu, siku ile uliita nani wasimame?"

"Wote."

"Uliita wale walikuwa wameketi. Sisi tulikuwa huku tunasonga ugali yako."

Nilichukua taulo, nikajipangusa mikono.

"Mimi na wewe ni tumbo moja," aliendelea. "Kijana wangu ni wa ukoo mwingine, lakini ati kwa sababu alivaa nyama, ndiye anaulizwa. Mimi niko hapa na miaka arobaini na nane, sina presha, sina sukari, nakamua ng'ombe nne kila asubuhi. Hakuna mtu aliniona?"

"Dada, usiniambie hapa. Na usimwambie kaka."

"Kwani nimesema nini?"

"Hujasema kitu. Ukitaka, njoo Kitale Alhamisi ya somo. Usikilize yote kwanza. Halafu utaingia kwa daktari peke yako, na huko useme unavyotaka. Ukisema hapana mimi sitajua."

"Nani amesema hapana?"

"Sijasema umesema."

"Walimu nyinyi mnasumbua," alisema, akaninyang'anya taulo.

Alikuja. Aliketi mbele kabisa kwenye somo na kuuliza maswali kuliko familia zote: kama atakamua ng'ombe, kama kovu litakuwa kubwa, kama mtu mwenye figo moja anaweza kufunga na kusali, kama figo ya mwanamke inaweza kukaa ndani ya mwanamume mbishi. Muuguzi alimjibu yote, hata hilo la mwisho. Alirudi mara mbili kupimwa. Siku ya daktari alikaa chumbani muda mrefu kuliko mwanawe, nami benchini nilisali sala ambayo sikuwa nimewahi kuisali, kwamba aseme ukweli wake, wowote ule. Alipotoka alikuwa anajifunga kitambaa kichwani.

"Twende," alisema. "Huyo daktari anauliza maswali kama mama mkwe."

Sikumwuliza chochote, nami naona hiyo ndiyo saumu ngumu kuliko zote nilizowahi kufunga. Siku tisa baadaye muuguzi alipiga simu kusema wanaendelea naye.

Vipimo vya mwisho vimebaki, na upasuaji utafanywa katika hospitali kubwa mbali na hapa, baada ya mavuno, kwa sababu dada yangu amesema hawezi kuacha mahindi shambani. Nimemwambia anaweza kurudi nyuma hadi mlangoni mwa chumba cha upasuaji, na hakuna kitakachobadilika kati yetu. Alinijibu niache kuongea sana, nitajichosha. Sijui kama figo yake itakubali kukaa kwangu. Muuguzi ametufundisha tusiahidiane hilo.

Juzi mpwa wangu alikuja nyumbani kwangu. Kwa kina msichana wameshampokea. Nilikwenda pamoja naye kama nilivyosema. Aliketi ukingoni mwa kiti, akazungusha kikombe cha chai mkononi, kisha akasema ameongea na tajiri wake, na miezi ambayo mama yake atakuwa amelala, yeye atahamia Bokoli akamue wale ng'ombe na kuvuna kitakachokuwa kimebaki.

"Hiyo naweza, khocha," alisema.

Nilimshika mkono nikamshukuru, na hatukuzungumza jambo lingine lolote la hospitali hadi alipoondoka.